Dawa ya deni: kwa nini Daktari wa 5 alimfia msichana aliyemjua juzi

SWALI: Ninaandika miswada ya tamthilia ya runinga. Mwigizaji wetu mkuu amesema anaondoka, nami nimepewa vipindi vinne vya kumuaga. Mwenzangu mmoja amenihimiza nitazame namna Peter Davison, Daktari wa 5, alivyoagwa mwaka 1984 katika Doctor Who, tamthilia ya BBC ya msafiri wa anga na wakati aitwaye Daktari, ambaye akikaribia kufa hubadilika mwili na kuigizwa na mtu mwingine, kisa cha The Caves of Androzani, akisema hakuna kuaga kulikozidi huko. Nimekitazama mara mbili na bado sijaona. Shujaa haiokoi dunia. Vita anaviacha vyenyewe. Muda mwingi amefungwa pingu, na mwisho anamfia msichana waliyejuana juzi tu. Tena nasikia mwigizaji mwenyewe alifukuzwa. Kuna nini hapo ambacho sikioni? Na mimi wangu nimfanyeje: nimuue, nimsafirishe, au nilete mtu mwingine ashike nafasi yake?

JIBU: Ndugu mwandishi, swali lako limebeba maswali kadhaa, na lile linalokukosesha usingizi ni la mwisho. Una mtu ambaye watazamaji wamemzoea sebuleni kwao kama jamaa, na sasa umeambiwa umtoe nyumba isibomoke. Umeletewa mfano unaosifiwa, ukauona mdogo. Umeona sawasawa. Ni kisa kidogo, na udogo huo ndio ninaotaka tuutazame pamoja.

Kwanza niondoe hili la kufukuzwa. Davison hakufukuzwa. Alimrithi Tom Baker mwaka 1981, Baker akiwa amekaa miaka saba, naye akaamua mapema kwamba wake ni mitatu. Ushauri huo alipewa na Patrick Troughton, Daktari wa 2, ambaye mwenyewe aliondoka baada ya miaka mitatu kwa kuhofia watu wasije wakamwona Daktari katika kila kazi atakayoifanya. Aliyeachishwa kazi na BBC ni mrithi wa Davison, Colin Baker, mwaka 1986, na huenda hapo ndipo habari mbili ziliposukwa zikawa moja. Jambo hili lina uzito kwako, kwa sababu anayeondoka kwa hiari hukupa muda. Mwandishi Robert Holmes alikaa mezani akijua anaandika kifo, kwa hiyo aliweza kukipanda kwenye dakika za mwanzo kabisa.

Kuna na dhana nyingine inayowapotosha waandishi: kwamba Doctor Who ilibuniwa tangu mwanzo kwa namna ambayo mhusika mkuu anaweza kujivua mwili kama nyoka anavyojivua gamba, na kwa hiyo kumuaga mwigizaji wao ni kazi nyepesi. Ilipoanza tarehe 23 Novemba 1963 wazo hilo halikuwapo. William Hartnell, Daktari wa 1, aliugua. Mishipa yake ya damu ilikuwa ikikakamaa, maneno yakawa yanampotea, na katika kisa chake cha mwisho, The Tenth Planet, ugonjwa ulimkosesha sehemu nzima, ya 3, mistari yake ikagawiwa wenzake. BBC haikutaka kuizika tamthilia. Basi tarehe 29 Oktoba 1966 watu waliona mzee akianguka sakafuni mwa chombo chake, uso ukayeyuka ndani ya mwanga, na mwanga ulipotulia aliyelala pale alikuwa Troughton. Hata jina la jambo hilo lilikuja baadaye, mwaka 1974, Jon Pertwee alipoaga.

Na kila mmoja aliagwa kwa njia yake. Troughton alishikwa na watu wa sayari yake mwenyewe, akahukumiwa, akalazimishwa kubadilika. Kisa hicho cha mwaka 1969 kilichukua sehemu 10. Pertwee ana kisa ninachokipenda sana, Planet of the Spiders, ambamo Daktari anakufa kwa sababu ya jiwe la buluu alilolichukua mwaka mmoja kabla kwenye sayari ya wageni, kwa uchu tu wa kujua. Inambidi alirudishe mwenyewe, ndani ya pango lililojaa mionzi, akijua hatoki salama. Kumbuka jiwe hilo, nitalirudia. Tom Baker, tarehe 21 Machi 1981, alianguka kutoka juu ya mnara wa darubini ya redio akiwa ameunusuru ulimwengu mzima usisambaratike.

Sasa jiweke mahali pa Holmes, mwaka 1983, akiandika kisa hiki. Aliyetangulia ameaga kwa kuokoa ulimwengu mzima. Utapandia wapi tena? Mwandishi mwoga angejaribu kuongeza sauti. Holmes alishuka, akafika kwa mtu mmoja.

Tufuate alivyofanya. Daktari na Peri, msichana anayesafiri naye, wanatua Androzani Minor, sayari ya mchanga na mapango. Daktari anaona alama za chombo mchangani na anataka kujua zimetoka wapi. Ni hilo tu lililowaingiza pangoni. Humo Peri anateleza na kuangukia kitu kama tandabui la nyuzi zinazonata, Daktari anamsaidia kujitoa, wote wawili wanaligusa, na hakuna anayelitilia maanani. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Nyuzi zile ni spectrox mbichi, na spectrox mbichi ni sumu. Ikisafishwa hurefusha maisha ya binadamu, na hiyo ndiyo sababu ya vita unavyoviona: kila mwenye uwezo anaitaka. Malengelenge yanatokea, mikakamao inafuata, kisha kifo. Dawa ni moja, maziwa ya popo jike, malkia wao, na popo wamehamia chini kabisa ambako hakuna hewa ya kuvuta.

Hayo yote yamewekwa ndani ya sehemu mbili za kwanza, na toka hapo saa inahesabu. Holmes hakulazimika kumleta adui mpya mwishoni wa kuja kumuua shujaa. Kifo kiliingia mlangoni pamoja na shujaa, mtazamaji akakiona kikiingia.

Unasema muda mwingi Daktari amefungwa. Ni kweli, na nakuomba utazame mara ya tatu ukiwaangalia wengine badala yake. Morgus ni mkuu wa kampuni inayohodhi spectrox. Hadharani analigharamia jeshi la Jenerali Chellak limkamate Sharaz Jek, aliyeteka mapango. Kwa siri anampelekea Jek silaha, ili vita viendelee na bei ipande. Jek naye aliwahi kuwa mshirika wake. Morgus alimpa vifaa vibovu vya kutambua mlipuko wa matope moto, akaungua hadi akawa mtu wa kuishi ndani ya barakoa. Anachotaka hasa ni kichwa cha Morgus. Stotz na genge lake la magendo wanataka pesa. Kila mmoja ana tamaa yake, na tamaa hizo zimeshonana kiasi kwamba mashine ingezunguka hata Daktari asingefika. Kwa mwandishi anayeaga mhusika, hili ni jambo kubwa: dunia inayoendelea na shughuli zake, na mtu mmoja ndani yake asiyetaka chochote katika hivyo vinavyogombewa.

Na si kweli kwamba anaviacha vita vyenyewe. Morgus alikwisha kuagiza Daktari na Peri wapigwe risasi, kumbe waliopigwa ni roboti wa Jek waliotengenezwa kwa sura zao. Anapokuja kumwona Daktari hai kwenye skrini, hofu inamwingia: anaamini amechezewa na Rais, basi anamsukuma Rais kwenye shimo la lifti. Kuanzia hapo utawala wake unafumuka uzi kwa uzi, hadi katibu wake Timmin anamnyang'anya kiti. Morgus anakimbilia mapangoni, na mapangoni ndiko Jek alikomsubiri. Mwisho wa sehemu ya 4 Morgus, Jek, Stotz na Chellak wote wamekufa. Daktari hakumuua hata mmoja wao. Alionekana tu akiwa hai, na hofu za watu zikamaliza kazi. Nani kabaki? Peri, na yule katibu.

Jambo dogo kuhusu Morgus, kwa kuwa wewe ni mtu wa fani na litakufaa. Umeona anavyogeuka na kunong'onea kamera moja kwa moja? Mwigizaji John Normington aliyaelewa vibaya maelekezo yaliyoandikwa kwenye mswada. Mwongozaji Graeme Harper alipoona, hakumkatiza. Aliipenda, akaiacha, na matokeo yake Morgus anatuvuta tuwe washirika wake kama wabaya wa majukwaa ya zamani. Hiki kilikuwa kisa cha kwanza cha Harper kukiongoza katika tamthilia hii. Aliitwa tena mwaka 2006, na hadi leo ndiye mwongozaji pekee aliyefanya kazi katika awamu ya zamani na katika ile iliyofufuliwa mwaka 2005.

Turudi kwa shujaa. Yeye ana lengo moja tu: kumtoa Peri pale akiwa hai, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwingiza. Tazama mwisho wa sehemu ya 3, akiwa ameuteka usukani wa chombo cha Stotz, bunduki zimemwelekea mgongoni, sumu inampofusha, naye anakiangusha chombo kwenye sayari kwa kuwa msichana yuko huko. Waswahili tuna msemo ulioshiba hapa: dawa ya deni ni kulipa. Hajajitoa kwa ajili ya ulimwengu, wala kwa ajili ya mapenzi. Anadaiwa. Na ni mtu yule yule ambaye watazamaji kwa miaka mitatu walimjua kuwa mpole, mwenye kusitasita, mwenye koti la mchezaji kriketi na kishina cha figili kifuani. Ukali ule hatukuwahi kuuona kwake, na unatoka kwenye adabu yake.

Anashuka chini kusiko na hewa, anayapata maziwa, anambeba Peri mikononi huku matope moto yakilipuka nyuma yao. Mlangoni pa chombo, akihangaika na ufunguo, chupa moja inamwagika. Maji yakimwagika hayazoleki. Imebaki dozi ya mtu mmoja, na anampa yeye bila kumwambia. Peri anapozinduka na kuuliza mwenzake kanywa ipi, ndipo anapojua. Hakuna hotuba. Mimi nimewafundisha vijana kuandika michezo kwa miaka mingi, na nikitaka kuwaonyesha maana ya kumwamini mtazamaji huwawekea dakika hizo tano.

Mwaka 2009 wasomaji wa jarida la Doctor Who Magazine walivipigia kura visa vyote 200 vya tamthilia hiyo tangu 1963, na hiki kikawa cha kwanza. Mwenzako hayuko peke yake. Lakini usikubali kila kitu. Humo mna mnyama wa pangoni, ambaye ni vazi la kusikitisha, na kisa kisingepungukiwa kitu bila yeye. Namna Jek anavyomtamani Peri, kumshika na kumsifia uzuri, inachukua muda mrefu kupita kiasi, na msichana mwenyewe anapewa machache ya kufanya zaidi ya kuugua na kuogopa. Ukichukua umbo la kisa hiki, hilo liache. Yule anayefiwa mpe kitu cha kutenda.

Na wako umfanyeje? Kumleta mtu mwingine ashike nafasi ile ile kunawezekana Doctor Who kwa sababu kubadilika kumekuwa sehemu ya mwili wa mhusika. Katika tamthilia ya familia na mtaa, watazamaji watavumilia sura mpya kwa mhusika wa pembeni. Kwa mhusika mkuu watahisi wameibiwa. Hata kwa wenye mazoea hayo ni hatari. Kisa kilichofuata, The Twin Dilemma, kilianza tarehe 22 Machi 1984, siku sita tu baadaye, ndani ya msimu ule ule, kwa kuwa mtayarishaji John Nathan-Turner alitaka watu wamwone Daktari mpya kabla ya mapumziko. Daktari huyo mpya anamkaba Peri koo. Msichana yule yule ambaye wiki iliyotangulia alifiwa! Katika kura zile za 2009, kisa hicho kilikuwa cha 200. Kwa hiyo unapopanga vipindi vyako vinne, omba upewe na cha tano, uandike mwenyewe siku ya kwanza ya nyumba isiyo na mtu wenu.

Kumsafirisha kunaacha mlango wazi, na wakubwa wa kituo hupenda milango wazi. Niliwahi kuandika mchezo wa redio ambao kiongozi wake aliondoka baada ya kugombana na ofisi juu ya malipo. Tulimpeleka Uarabuni kwa sentensi moja tu ya mke wake. Kwa mwaka mzima wasikilizaji waliandika kuuliza anarudi lini, na kila tulichomwandikia yule mke kilionekana usaliti. Ukichagua safari, basi iwe na gharama inayoonekana, na aliyebaki awe amesikia kwaheri.

Kuua kunafunga mlango. Gareth Thomas, aliyeigiza Blake katika Blake's 7, tamthilia nyingine ya BBC ya safari za anga, alikubali kurudi kwenye kipindi cha mwisho kwa sharti kwamba Blake afe pasipo shaka yoyote. Tarehe 21 Desemba 1981 akapigwa risasi na rafiki yake Avon, aliyedhani amesalitiwa. Watu wanakizungumzia hadi leo, na wapo ambao hawajasamehe. Kwa ulivyonieleza, mimi ningeegemea kifo, ila tu kama kinaweza kutoka kwenye kosa dogo la mhusika wenu lililoonekana kipindi cha kwanza kati ya vinne. Ajali ya gari ya ghafla katika dakika ya mwisho itakupa kilio cha usiku mmoja.

Yapo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukufanyia. Kabla hujachagua, nenda ukakae na mwigizaji wako ana kwa ana, bila watu wa ofisi, umuulize anaondoka kwa nini na angependa kukumbukwa vipi. Kama ni ugonjwa, kama ilivyokuwa kwa Hartnell, ratiba ya kurekodi ndiyo ya kwanza kupunguzwa, na daktari wake asikilizwe kabla ya mwandishi. Kama ni ugomvi wa mkataba, usiandike mstari mmoja kabla wakili hajasoma kinachosemwa kuhusu kumtumia mhusika baada ya yeye kuondoka. Na rasimu ikiwa tayari, waite waigizaji wote chumba kimoja isomwe kwa sauti. Wale wanaobaki nao wanaaga, na mara nyingi mmoja wao ndiye atakayekuonyesha sentensi iliyozidi.

Nimeliacha swali la msichana wa juzi hadi sasa kwa makusudi. Peri aliingia kwenye kisa kimoja tu kabla ya hiki, kwa hiyo umehesabu vizuri. Lakini tazama dakika ya mwisho. Daktari amelala sakafuni, na nyuso za aliosafiri nao zinamzunguka, kila mmoja akimwomba asife, na adui yake Master akimwamuru afe. Neno la mwisho linalotoka kinywani mwake ni jina, Adric. Huyo alikuwa kijana aliyesafiri naye, akabaki kwenye chombo kilichokuwa kikianguka duniani, na Daktari akasimama mbele ya skrini asiweze kumfikia. Kipindi hicho kilikwisha kwa majina ya waigizaji kupita bila muziki. Kilirushwa tarehe 16 Machi 1982. Sehemu ya mwisho ya Androzani ilirushwa tarehe 16 Machi 1984. Sidai kwamba tarehe zilipangwa. Nasema kwamba deni analolilipa kwa Peri lilikuwa na miaka miwili, kama lile jiwe la buluu la Pertwee, na aliyekuwa ametazama toka nyuma alilijua.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza, toa miswada yenu ya zamani kabatini, isome kuanzia kipindi cha kwanza kabisa, na utafute ni nani ambaye mtu wenu aliwahi kumwacha nyuma.